Bomba Jipya Ndani ya Kiwanda Kikuukuu: Leza Inavyopima na Inapokosea

Kiwanda cha mafuta, saruji au umeme kikishafanya kazi miaka 30, huwa na sura mbili: ile ya michoro iliyolala kabatini na ile iliyosimama uwanjani. Vali imehamishwa, bomba la dharura limepitishwa usiku, mhimili umeongezwa, na hakuna aliyerudi kusahihisha karatasi. Mhandisi anayetaka kuchomekea bomba moja la inchi 6 anaihitaji hiyo sura ya pili. Zamani aliipata kwa futi kamba, ngazi na jukwaa, mmoja ameshika ncha na mwenzake anasoma. Kukosea sentimita mbili hakukumshangaza mtu, ila kwenye flanji, yaani kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti, sentimita mbili maana yake ni kukata chuma upya huku kiwanda kimezimwa.

Aliyelivalia njuga tatizo hili ni Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul, Iraq, aliyehamia Marekani. Mwaka 1993 alianzisha Cyra Technologies huko California, mwaka 1998 skana yao ya leza, Cyrax 2400, ikaingia sokoni, na mwaka 2001 kampuni ikanunuliwa na Leica Geosystems. (Huyu ndiye mwasisi wa CyArk, taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale kwa vipimo. Makaburi ya Kasubi jijini Kampala yalipimwa kwa mpango wake mwaka 2009, kabla ya moto wa Machi 2010 kuyateketeza.)

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Skana hutuma mpigo wa mwanga, mpigo hugonga bomba na kurudi, muda wa safari hugeuzwa kuwa umbali. Ugumu umo kwenye saa: mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo anayetaka kutofautisha milimita 3 lazima apime muda wa sehemu 20 tu za sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Skana nyingine hulinganisha wimbi lililotoka na lililorudi. Kwa vyovyote, mashine za leo hukusanya nukta milioni moja au zaidi kila sekunde, na nukta hizo kwa pamoja huunda wingu lenye umbo la kiwanda.

Lakini leza haioni nyuma ya bomba. Mpimaji hulazimika kuihamisha skana mara nyingi, kisha mawingu yote yaunganishwe kwa kutumia alama zinazoonekana kutoka zaidi ya kituo kimoja, kama vile mipira myeupe au vibao vya miraba myeusi na myeupe. Kwa maoni yangu kazi hufa au hupona hapa. Kwenye safu ndefu ya mabomba, kituo cha pili hushikamana na cha kwanza, cha tatu na cha pili, na kila kiungo huongeza kosa lake dogo. Ripoti ya programu inaweza kuonyesha wastani wa milimita 2 katika kila kiungo, kumbe ncha ya mbali imepinda kwa milimita 20. Ripoti haijadanganya, imejibu swali jingine. Dawa yake ni kusimika kwanza mtandao wa alama zilizopimwa kwa chombo tofauti, uwanja mzima, ndipo mawingu yafungwe kwenye alama hizo.

Baada ya hapo nukta hugeuzwa kuwa mabomba. Bomba la inchi 6 lina kipenyo cha nje cha milimita 168.3. Kompyuta ikisoma 168, sawa. Ikisoma 268, umepima kizuia joto cha milimita 50 kilicholizunguka, wala si chuma. Programu nyingi hupenda pia kulinyoosha bomba lifanane na la kwenye katalogi. Bomba lililolegea katikati huchorwa likiwa sawasawa, na mteremko uliotakiwa kumwaga maji unapotea kwenye skrini.

Kosa linalosahaulika zaidi ni joto. Bomba la chuma la mita 20 likiwa na joto la nyuzi 200 zaidi ya siku litakapopoa, huwa limerefuka kwa takriban milimita 48. Ukiliskani kiwanda kikiwa kazini, kisha fundi akaja kuunganisha kikiwa kimezimwa na kupoa, flanji haitakuwepo ilipochorwa, hata kama skana haikukosea kitu.

Chuma cha pua kinachong'aa huakisi mwanga upande mwingine kama kioo, na kwenye kingo kali huzuka nukta zinazoelea hewani. Hizo mtu mzoefu huzifuta. Unene wa chuma na kutu ya ndani leza haina habari navyo, hivyo kipimo cha mawimbi ya sauti bado kinahitajika kabla ya kuchomelea.

Kwa hiyo unayeagiza kazi hii, usiridhike na picha ya rangi inayozunguka kwenye skrini. Dai kwenye mkataba alama za ukaguzi ambazo hazikutumika kuunganisha mawingu, pamoja na kumbukumbu ya joto la kila bomba wakati wa kuskani. Flanji za kuunganishia, hadi matundu ya bolti, zipimwe peke yake. Na karakana iache urefu wa ziada wa milimita 100 hadi 150 kwenye kipande cha mwisho, ukatwe uwanjani.