Mikono ya Magdalene Odundo

Mfinyanzi Magdalene Odundo hafinyangi kwa gurudumu. Huanza na donge la udongo, hulididimiza katikati kwa mkono, kisha huvuta kuta zake juu taratibu mpaka donge lipate tumbo. Anapotaka kimo zaidi, husokota kamba nene za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, akizifinya hadi maungio yapotee. Udongo mbichi haubebi uzito mwingi; ukiharakishwa, hubonyea. Kwa hiyo husubiri sehemu ya chini ikaze ndipo aongeze ya juu.

Kisha hushika kipande cha kibuyu. Wengi wetu tunakijua kibuyu cha maji na maziwa. Hapa ukingo wake ndio unaokwangua. Kila mkwanguo hutoa udongo kidogo sana, na polepole bega hujitenga na shingo, mdomo ukapanuka. Mara nyingi chombo huegemea upande mmoja kidogo, lakini hakiyumbi.

Udongo ukishakaza, kazi ya kusugua huanza. Hupaka uji mwembamba wa udongo uliochujwa, husugua kwa jiwe laini, hupaka tena, husugua tena. Hapaki dawa yoyote ya kung'arisha inayogeuka kioo motoni. Mng'ao wote hutoka mkononi, kwa hiyo mkwaruzo mmoja hauna pa kujificha.

Mwisho ni moto. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo udongoni hukutana na oksijeni na chombo hutoka na wekundu wa chungwa. Akitaka cheusi, hukichoma mara ya pili ndani ya kasha lililofunikwa, pamoja na vipande vya kuni, hewa ikiwa imebanwa. Moshi huingia mwilini mwa chombo, na wekundu hugeuka weusi.

Ustadi huu una walimu wake. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza sanaa ya matangazo, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kusoma sanaa mjini Cambridge. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji unaoitwa Suleja siku hizi. Huko, miongoni mwa wanawake wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali, alijifunza kufinyanga kwa mkono mtupu. Alisoma pia chuo cha sanaa cha Farnham, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London.

Mwaka 1997 alirudi Farnham kufundisha, na mwaka 2001 akawa profesa wa ufinyanzi. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa University for the Creative Arts, na mwaka 2020 Uingereza ikamtunuku cheo cha Dame. Vyombo vyake vimo katika British Museum, London.

Profesa huyo aliupata msingi wa kazi yake kwa kina mama waliofinyanga vyombo vya kuwekea maji. Basi mwalimu wa sanaa, uwe kijijini au chuoni mjini, mtafute mama anayejua kufinyanga, umkaribishe darasani kama mwalimu mwenzako, na uwape wanafunzi muda wa kutosha wa kumtazama akifanya kazi.