Kenya ilijinyima sauti The Hague

Kususia vikao vya Machi 2021 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ndio uamuzi mbovu kuliko yote niliyowahi kuona ukifanywa na mawakili wa serikali katika ukanda huu wetu. Miaka inapita na sioni sababu ya kulegeza neno hilo. Kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya ilikuwa ngumu, nakubali. Ngumu si sawa na kufa.

Mliofuatilia matangazo mnakumbuka. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Machi, Somalia ilipanga mawakili wake mmoja baada ya mwingine: Paul Reichler, Alain Pellet, Philippe Sands. Upande wa Kenya hakuna aliyesimama. Barua ilikuwa imetangulia tarehe 11 Machi ikisema kwamba Kenya haitashiriki. Somalia ilifanya kazi safi, na haikuwa na wa kuipinga.

Wapo wanaosema vikao vya mdomo pale The Hague ni mapambo, kwamba majaji huamua kwa maandishi. Hao hawajawahi kutetea kesi yenye hoja mbili zinazovutana, na kesi ya Kenya ilikuwa hivyo hasa. Hoja kuu ilisema mpaka ni mstari wa latitudo, na kwamba Somalia iliuridhia kwa kunyamaza tangu tangazo la Rais wa Kenya la mwaka 1979. Hoja ya akiba ilisema kwamba hata kama majaji wangeanza na mstari wa umbali sawa, ingebidi wausogeze, kwa sababu Kenya imebanwa katikati ya Somalia na Tanzania na ingekatiwa bahari yake. Katika maandishi hoja hizi mbili zinakaa bega kwa bega na kila moja inaidhoofisha nyingine. Wakili aliyesimama ndiye anayesoma nyuso za benchi, akajua lini aiache ya kwanza kwa heshima na kuitia nguvu zote ya pili. Karatasi haina uwezo huo.

Tazameni hukumu ya 12 Oktoba 2021. Hoja ya kuridhia kwa kunyamaza ilikataliwa kwa kauli moja. Majaji walitaka ushahidi mzito, wakakuta sheria za Kenya yenyewe zinaisuta: ile ya 1972 ya maji ya kitaifa inataja mstari wa kati, na ile ya 1989 ya maeneo ya bahari inazungumzia makubaliano na jirani. Wakakumbuka pia kwamba kati ya 1991 na 2005 Somalia ilikuwa vitani na haikuwa na serikali kamili ya kulalamika. Haya yote yana majibu, mengine mazuri. Sheria ya 1972 ilihusu ukanda mwembamba wa pwani, si maji ya mbali yaliyokuwa yakigombewa. Tangazo la 2005 lilikuja baada ya sheria ya 1989 na likarudia mstari uleule wa latitudo. Jaji anapokuwa na shaka ya namna hiyo huuliza, na pale Kenya hapakuwa na wa kuulizwa.

Kisha njooni kwenye hoja ya akiba, kwa sababu hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mahakama iliikubali kwa sehemu! Majaji waliutazama mwambao mzima, kutoka Somalia, ukapita Kenya, hadi Tanzania na kisiwa cha Pemba. Wakaona pwani imeingia ndani na kwamba mstari wa umbali sawa ungeibana Kenya kupita kiasi, wakausogeza kaskazini kwa faida yake. Kipande hicho cha mpaka kilipita kwa kura 10 dhidi ya 4. Kile cha nje ya maili 200 kilipita kwa 9 dhidi ya 5. Benchi lililogawanyika kiasi hicho ni benchi linalotaka kusikia wakili akisema kwa nini mstari usogee, na usogee kiasi gani. Hoja iliyoandikwa kama nyongeza, bila mtu wa kuitetea, ilisogeza mpaka wa nchi baharini. Hebu fikirieni kama ingepata saa tatu za wakili mzuri mwenye ramani mbele yake.

Sababu zilizotolewa hazikuwa na uzito. Ya kwanza ilikuwa Covid-19: kwamba kesi ya ramani haisikilizwi kwa video. Kufikia wakati huo mahakama za Kenya zenyewe zilikuwa zimesikiliza kesi mtandaoni tangu 2020, na mawakili wa Serikali walikuwa wakijitokeza humo. Ya pili ni kwamba kikosi cha mawakili kilikuwa kipya na hakikupata muda wa kujiandaa. Nani alibadilisha kikosi? Majibu ya maandishi ya Kenya yaliwasilishwa Desemba 2017, na ya mwisho Desemba 2018. Kazi ile ya maandishi ilikuwa nzuri. Anayewaondoa walioiandika, kesi ikiwa mlangoni, hawezi kuitupia mahakama lawama ya muda.

Ya tatu ilikuwa Jaji Abdulqawi Yusuf, raia wa Somalia, kwamba ajiondoe. Kanuni za mahakama ile zinamruhusu jaji kukaa katika kesi ya nchi yake, na kwa sababu hiyo nchi isiyo na raia wake kwenye benchi hupewa nafasi ya kuteua jaji wa kesi hiyo tu. Kenya ilimteua Gilbert Guillaume, Mfaransa aliyewahi kuwa Rais wa mahakama hiyohiyo. Ukishapewa dawa huwezi kulalamika tena kwamba hukutibiwa.

Lakini niseme kinachonikera zaidi, na wasomaji wa safu hii wamenisikia nikikirudia: ugonjwa wa kuahirisha. Kesi ilipangwa Septemba 2019, ikasogezwa Novemba, ikasogezwa Juni 2020, ikasogezwa tena Machi 2021. Mara mbili za mwanzo kwa maombi ya Kenya. Yeyote aliyekaa katika mahakama za Milimani, Nairobi, anaijua tabia hii. Wakili wa Serikali anainuka, faili halijaja kutoka wizarani, anaomba tarehe nyingine, anapewa. Tarehe hupatikana kwa urahisi kiasi kwamba kuomba muda kumegeuka mkakati, na siku hakimu anapokataa hakuna mpango wa pili. The Hague ilikataa, na mpango wa pili ukawa kutokwenda. Mwaka uleule, katika kesi ya BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, Rais alishtakiwa kwa jina lake na Mahakama Kuu haikupata jibu lake. Kilio kwamba hakupewa hati kilisikika kwenye rufaa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wazee wetu hawakufanya kazi hivi. Septemba 2016, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, aliongoza ujumbe wa Kenya The Hague kwa pingamizi za awali katika kesi hiihii, akiegemea Makubaliano ya 7 Aprili 2009 kati ya Kenya na Somalia. Pingamizi zilitupwa Februari 2017, lakini kila jaji alijua msimamo wa Kenya na sababu zake.

Rudini nyuma zaidi, 2006, kesi ya World Duty Free. Kampuni ilidai mkataba wake wa maduka katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa umevunjwa. Mawakili wa Kenya walikwenda mbele ya wasuluhishi na kutumia ushahidi wa mkuu wa kampuni mwenyewe, kwamba dola milioni 2 zilipelekwa kwa Rais aliyekuwa madarakani mkataba ulipotafutwa, ili upatikane. Hoja hiyo iliihitaji Serikali kusimama na kutamka aibu yake hadharani, na walisimama. Kesi ilitupwa tarehe 4 Oktoba 2006. Mwenyekiti wa wasuluhishi wale alikuwa nani? Gilbert Guillaume. Mtu aliyewahi kuwasikiliza mawakili wa Kenya wakishinda kesi ngumu alikuwa kwenye benchi mwaka 2021, na safari hii hawakuja.

Tanzania nayo ina somo, kesi ya kampuni ya Biwater. Serikali ilikuwa imekamata ofisi za City Water, kampuni yake ya maji, tarehe 1 Juni 2005 na kuwafukuza mameneja nchini, kitendo kisichoteteka. Mawakili wake walikwenda hata hivyo, wakajenga hoja moja kwa subira: kampuni ilikuwa imeshafilisika, hivyo hakuna hasara iliyotokana na Serikali. Julai 2008 Tanzania ikakutwa na makosa na haikulipa fidia hata senti moja.

Na wanaotaja Marekani, iliyojitoa katika kesi ya Nicaragua mwezi Januari 1985, wakumbuke mwisho wake: Juni 1986 mahakama ile iliamua kwamba ilivunja sheria za kimataifa. Miongoni mwa waliofaidi kiti kile kitupu upande wa Nicaragua walikuwamo Reichler na Pellet, walewale mliowaona Machi 2021.

Kenya ilipeleka Umoja wa Mataifa taarifa ya 24 Septemba 2021 ya kuondoa ridhaa yake ya mamlaka ya mahakama ile, ridhaa iliyodumu tangu 1965, kisha ikaikataa hukumu. Hatua hizo hazikurudisha hata maili moja ya bahari. Mwanasheria Mkuu aliyepo na atakayemfuata wana kazi moja ya kurekebisha pale Sheria House, ofisini kwao: waweke kanuni ya maandishi kwamba wakili wa Serikali aliyepangiwa kesi hatakosa kikao kwa amri ya mwanasiasa yeyote, na kwamba kikosi kilichoandika majibu ndicho kitakachosimama kuyatetea. Hukumu ya mpaka haina rufaa.