Uzito Haudanganyi: Somo la Safari Rally kwa Barabara za Mara

Mwaka 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ilipeleka kwenye Safari Rally, nchini Kenya, gari la kifahari la milango miwili, 450 SLC 5.0. Lilikuwa na injini ya V8 ya lita tano, gia za otomatiki, na nguvu za farasi 240 likitoka kiwandani. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwepo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiendesha Datsun 160J ya silinda nne, ndugu wa magari yaliyokuwa yakibeba familia za kawaida Afrika Mashariki yote. Mehta alishinda. Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Mercedes, akawa wa pili.

Mwaka 1980 Mehta alishinda tena. Nafasi ya pili ikaenda kwa Datsun nyingine, ya Rauno Aaltonen, na Vic Preston Jr akaileta Mercedes katika nafasi ya tatu. Mwaka huo ulipokwisha, Mercedes-Benz ilifunga mpango wake wote wa rali, ingawa ilikwisha kumsajili dereva Walter Röhrl kwa msimu wa 1981. Mehta yeye aliendelea kushinda mwaka 1981 na 1982.

Nimechagua kuichambua habari hii kwa ajili ya wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kwa sababu hoja yake iko hai hapa kwetu. Wapo wenye magari mazito ya kifahari, yenye injini kubwa, wanaojiuliza kama inafaa kuyauza na kuchukua gari la spoti jepesi na la bei nafuu. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja nitakalolieleza, na sababu zake ziko katika yale yaliyotokea Safari Rally.

Mzigo wa nusu tani

Mercedes-Benz wenyewe walijua tatizo liko wapi. Ile 450 SLC ya kawaida ilikuwa na uzito wa kilo 1,630. Kwenye 5.0 walitengeneza bloku ya injini, boneti na mfuniko wa buti kwa aluminiamu, wakapunguza zaidi ya kilo 100, na gari likafika kilo 1,515. Hata hivyo Datsun ya kiwandani ilikuwa takriban tani moja tu. Yote mawili, yakiandaliwa kwa mashindano, yaliongezewa kinga za chini, tairi za akiba, zana na mafuta, lakini pengo halikuondoka.

Pengo hilo lina hesabu yake. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 833 hivi. La kilo 1,000, kwa kasi hiyo hiyo, limebeba 556. Dereva akikanyaga breki, nishati yote hiyo lazima igeuke joto kwenye diski na pedi. Kwa hiyo breki za gari zito zinameza joto mara moja na nusu, kila kona, kila korongo, kutwa kucha, kwa siku kadhaa za mashindano. Nguvu za farasi zinakusaidia kuondoka kwenye kona. Kuingia kwenye kona ni kazi ya breki na tairi, na hapo injini kubwa haina msaada wowote.

Kwenye shokapu mambo ni hayo hayo. Gari likiruka tuta na kutua, shokapu ndiyo inayotuliza mwendo wa bodi, na kazi hiyo nayo huzaa joto. Bodi ikiwa nzito, mafuta ya ndani ya shokapu yanachemka mapema, yanakuwa mepesi, na shokapu inaacha kushika. Kuanzia hapo springi inabaki peke yake, gari linadundadunda, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye bushi na mahali pa kufungia mguu wa nyuma.

Tutazame basi huo mguu wa nyuma kwa karibu. Mercedes ilikuwa na miguu ya nyuma inayojitegemea, kila tairi na mkono wake. Kwenye lami mfumo huu ni mtulivu na wa raha. Lakini tairi ikipanda juu sana, mkono huo huibadilisha pia pembe yake, kwa hiyo gari lenye uzito mkubwa na injini yenye msukumo wa nyutoni-mita 402 linahitaji uangalizi mkubwa kwenye mashimo mfululizo. Datsun ilikuwa na ekseli moja nzima, bomba la chuma lenye difu katikati, likishikwa na mikono minne na springi za koili. Ni mfumo wa zamani, hauna utulivu ule wa Mercedes, ila tairi zake hubaki zimesimama wima hata gari likining'inia, na fundi aliyelala chini yake kwenye vumbi anaona kila bolti anayoitaka.

Pale gari zito liliposhinda

Haki itendeke kwa Mercedes. Desemba 1979, kwenye rali ya Bandama nchini Ivory Coast, magari ya SLC yalichukua nafasi nne za kwanza, Mikkola akiongoza. Mwaka 1980 Björn Waldegård wa Sweden alishinda huko huko kwa 500 SLC. Palipo na barabara ndefu, pana, ambapo dereva anaweza kushikilia kasi kubwa kwa muda mrefu bila kukanyaga breki, injini ya lita tano inapumua vizuri na bodi imara inavumilia. Gari zito si gari baya. Lina barabara zake.

Safari Rally haikuwa na barabara za aina moja. Ilifanyika wakati wa Pasaka ili ikutane na mvua za masika. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, naye kwa Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la silinda nne, la ukubwa wa wastani, ambalo spea zake zilipatikana madukani.

Hatua aliyoichukua Waldegård baada ya Mercedes kujitoa ndiyo inayonipa moyo wa kusema jibu ni ndiyo. Alihamia Toyota, kwenye timu ya Ove Andersson, mshindi wa Safari ya 1975. Gari lililofuata la kumpa ushindi wa Safari, mwaka 1984, lilikuwa Celica Turbo: silinda nne, injini ya cc 2,090, msukumo kwa tairi za nyuma, ekseli moja nzima. Mwaka huo Mikkola, akiwa na Audi Quattro inayovuta kwa tairi zote nne, alikuwa wa tatu. Waldegård alishinda tena 1986 kwa Celica, na 1990 akiwa na umri wa miaka 46. Kwenye SLC hakuwahi kushinda Safari.

Hesabu ya Mara

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Chukua Mercedes C 63 AMG ya milango miwili, ya kuanzia 2011: injini ya cc 6,208, farasi 457, kilo 1,730 hivi. Iweke kando ya Toyota 86 ya kuanzia 2012: cc 1,998, farasi 200, kilo 1,240 hivi. Kwa kila tani, Mercedes ina farasi 264 na Toyota ina 161. Kwenye mstari ulionyooka hakuna ubishi nani yuko mbele. Lakini mstari huo, kutoka Lamadi kuja Bunda, unakatwa na vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na sheria hiyo haitazami ukubwa wa injini. Cha kufurahisha ni kwamba ile 450 SLC 5.0 ya kiwandani ilikuwa na farasi 158 kwa tani. Kijana wa Musoma mwenye Toyota 86 ana uwiano ule ule wa nguvu na uzito uliokuwa fahari ya Stuttgart mwaka 1979, kwa gari jepesi kwa zaidi ya kilo 270.

Kwenye kodi, wengi huhesabu vibaya. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na 10 kwa zaidi ya hapo. Gari la zaidi ya miaka kumi huongezewa asilimia 30 ya uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Piga hesabu kwa gari lenye thamani ya shilingi 100 bandarini, tozo ndogondogo zikiwekwa pembeni: la injini ndogo linalipa kodi ya shilingi 99 hivi, la injini kubwa 106 na senti. Tofauti ya asilimia peke yake ni ndogo. Unachookoa kinatokana na thamani yenyewe, kwa kuwa kodi inakaribia kuwa sawa na bei. Kila milioni unayoipunguza kwenye thamani inakupunguzia karibu milioni nyingine ya kodi. Kumbuka pia kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, kwa hiyo angalia huko kabla hujatuma fedha Japani.

Gereji nayo ina hesabu yake. V8 ya C 63 inameza lita nane na zaidi za oili kila unapobadili na ina plagi nane. Toyota 86 inachukua lita tano na kidogo na plagi nne, ingawa plagi zake zimebanwa pembeni mwa injini na kuzifikia ni kazi. Faida kubwa ni kwamba injini yake imetengenezwa na Subaru, silinda zake zimelala kama za Forester na Impreza. Fundi aliyezoea magari hayo haanzi na ukurasa mtupu.

Sharti lenyewe

Nilisema lipo sharti. Waldegård na Mehta hawakushinda kwa magari mepesi yaliyokaa chini. Magari yao yaliinuliwa, yakawekewa springi ndefu na kinga nene chini ya sampo. Toyota 86 ya kiwandani ina uwazi wa sentimita 13 tu kutoka ardhini. Ukitoka Bunda kwenda Nyamuswa na Butiama utakutana na matuta, na ukiacha lami wakati wa masika, ule udongo mweusi wa mbuga hauulizi gari lina uzito gani. Gari jepesi lisiloinuliwa litaacha bampa lake njiani.

Kwa hiyo anayebadilisha na afanye kwa mpangilio huu. Kwanza, atafute toleo lenye rimu za inchi 16 na tairi za 205/55. Ukuta wa tairi hiyo una milimita 113, wakati tairi za nyuma za C 63, 255/35, zina 89. Milimita hizo 24 za mpira ndizo zinazookoa rimu kwenye shimo. Pili, aweke springi za kuinua gari kwa sentimita mbili hadi tatu, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Springi mpya juu ya shokapu fupi ni kuharibu vyote viwili. Baada ya hapo apimishe upya mwelekeo wa tairi. Tatu, aweke kinga ya chuma chini ya injini kabla ya safari ya kwanza ya kijijini. Fedha za kazi hizo zitengwe kutoka kwenye mauzo ya gari la zamani kabla hazijapata matumizi mengine.

Ambaye maisha yake yote ni lami ya Musoma hadi Mwanza, na anapenda utulivu wa gari zito, abaki nalo kwa amani. Lakini kwa mwenye ndugu Butiama, shamba Bunda na fundi mmoja anayemwamini, uza tani moja na robo tatu, nunua tani moja na robo, na uliinue.