Amplifaya Haimaliziki Kiwandani

Amplifaya nyingi zinazotumika makanisani na kwenye sherehe, kuanzia Kahama hadi Katoro, zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesema. Aliyezichora alimfikiria mhubiri, mshereheshaji na mwanasiasa jukwaani, ndiyo maana matundu yake ya mbele ni ya maiki. Gitaa la umeme likichomekwa humo hulia, ila kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Gitaa linataka pembejeo yenye ukinzani mkubwa, hata omu milioni moja, na chaneli ya maiki mara nyingi ina maelfu machache tu. Mzigo huo humeza kwanza sauti za juu, zile zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha kidole na uzi. Fundi redio anayejua kazi yake hagusi upande wa nguvu. Huchagua chaneli moja, kwa kawaida ile ya mwisho isiyo na mwenyewe, hukata njia pale jeki inapoingia kwenye bodi, na kupachika transista moja ya FET ipokee gitaa bila kulilemea. Hupunguza pia ukuzaji, kwa kuwa gitaa hutoa umeme mwingi kuliko maiki. Kisha huigeukia kapasita ya kupitishia sauti, na hapo ndipo ustadi unapojipambanua. Akiishusha, tuseme kutoka maikrofaradi 0.1 hadi 0.022, besi hupungua na solo hupata nafasi yake juu ya ngoma. Akizidisha, gitaa huchoma masikio. Akiiacha kubwa, gitaa hugombana na besi. Hakuna kipimo kinachomwambia asimame wapi. Anachomelea, mpigaji anapiga, anafumua, anachomelea tena.

Wapo wanaouita huu ujanja wa mtaani, na kusema mwenye haja ya gitaa anunue amplifaya ya gitaa. Wanasahau hizo amplifaya za gitaa zilikotoka. Katika duka la Jim Marshall, London, mwaka 1962, mafundi waliichukua saketi ya Fender Bassman ya Marekani, iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaiunda upya kwa vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza. Tofauti ndogo za valvu, transfoma na spika zikazaa mlio ambao roki iliufanya wake. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, Randall Smith wa California alitia nguvu kubwa ndani ya kiboksi kidogo cha Fender Princeton, na hapo ikaanzia Mesa/Boogie. Fender wenyewe hawakumaliza kila kitu. Twin Reverb ya miaka ile ina chaneli mbili, lakini ukiziunganisha kwa waya mfupi zinapingana, kwa sababu mawimbi ya moja hutoka yamepinduliwa dhidi ya yale ya nyingine, na mlio hukonda badala ya kunenepa. Tukikubali kwamba California na London kazi hii ni ubunifu, sioni kwa nini Shinyanga iwe uchakachuaji.

Kwetu Tanzania ilikuwa pia kazi ya lazima. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi za dansi zilipiga vyombo vilivyokuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki hakuchagua amplifaya, alikabidhiwa. Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya vita vya Kagera, kilichoharibika kilirudi kwa fundi. Historia hiyo tunaisimulia kwa majina ya waimbaji na wapiga solo, huku aliyeshika chuma cha kuchomelea hatajwi popote. Ukanda wa dhahabu, huku Kahama na Katoro, umemwongezea fundi huyo mtihani. Machimboni muziki hupigwa kwa umeme wa jenereta, au kwa laini moja na karasha za kusagia mawe. Karasha ikiwashwa volti zinashuka na spika zinanguruma. Chaneli ya gitaa, kwa wepesi wake wa kusikia, ndiyo inayoudaka mngurumo huo mwanzo. Kwa hiyo fundi hukusanya nyaya za ardhi mahali pamoja na kuongeza kapasita za kuchuja, kazi isiyoonekana wala kulipiwa vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni usalama. Amplifaya ya valvu inaweza kuwa na volti zaidi ya 400, na kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa. Wako wanaochokonoa bila kulijua hilo. Lakini fundi mbovu huondolewa na mwanafunzi aliyefundishwa vema, na wanafunzi ndio wanaokosekana. Sabufa ya bei nafuu ikifa hutupwa, na vijana wenye mikono mizuri wamehamia kwenye simu. Fedha iko huko, siwalaumu. Kinanda nacho hutoa sauti ya gitaa kwa kitufe, na wenye harusi wameridhika. Wapigaji wa nyimbo za Kisukuma za gitaa hawajaridhika, ila chaneli zao zilizorekebishwa hazina mchoro wowote. Mpango wote umo kichwani mwa aliyezirekebisha. Akishaondoka, amplifaya itafunguliwa na kijana makini mwenye mchoro wa kiwandani kwenye simu yake. Ataikuta kapasita isiyolingana na mchoro, ataihesabu kuwa kosa, na kwa nia njema kabisa atairudishia ya maiki.