Tatu, gatatu, isatu

Darasa la kwanza mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwaketisha kwenye benchi moja mtoto wa Masisi anayezungumza Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, wa Lubero mwenye Kinande, wa Walikale mwenye Kinyanga, na mzaliwa wa mjini aliyekua na Kiswahili. Vita viliwaleta wengine zaidi: kufikia 2024 kambi za waliohamishwa na vita za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilikuwa zimejaa. Watoto hawa wanawezaje kuanza masomo wakiwa sawa?

Hatua ya kwanza ilihusu pesa. Ibara ya 43 ya Katiba ya nchi ya 2006 ilitamka kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini wazazi waliendelea kuwalipa walimu "primu", yaani nyongeza ya mshahara, na mtoto wa asiyelipa akarudishwa nyumbani wenzake wakimtazama. Utekelezaji wa ibara hiyo ulianza Septemba 2019. Milango ikafunguka, madarasa yakafurika.

Hatua ya pili ilihusu lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu kufundishia kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kwa Goma, hiyo ni nafuu kubwa, ila haimalizi kazi: mtoto wa mjini hujibu haraka, aliyetoka kijijini hukwama, na wenzake humcheka.

Hapo ndipo ufundi wa mwalimu unapohitajika. Chukua somo la hesabu. Mwalimu anaweka mezani mawe matatu meusi ya volkano na kuuliza: "Ngapi?" Wanajibu: "Tatu!" Kisha: "Nani ana neno lingine?" Mmoja anasema gatatu, kwa Kinyarwanda, mwingine isatu, kwa Kinande. Mwalimu anayaandika yote ubaoni kwa herufi za ukubwa mmoja. Aliyetaka kucheka anasikia mwangwi wa "tatu" yake katika neno la jirani, na aliyekuwa kimya amelifundisha darasa zima neno jipya.

Mbinu hii inategemea swali lenyewe. Mwalimu hasemi, "Wewe Mnande, tuambie." Katika mji ambamo jina la kabila limewahi kumhatarisha mtu, mtoto asisimamishwe kuwakilisha kabila lake. Neno ndilo linaloitwa, na mwenye kulijua anajitokeza mwenyewe.

Kifaransa kinaposhika nafasi miaka ya juu, pengo hurudi: anayekisikia nyumbani hutangulia. Kwa hiyo mawe yale yabaki mezani hata baada ya darasa la kwanza.