Bakuli la fedha halipokei wali

Mtawa wa Kibuddha haruhusiwi kulia kwenye bakuli la fedha. Vinaya, kanuni za kale za utawa, zinamruhusu la udongo au la chuma tu. Basi mabakuli ya fedha ya Burma, yaliyofuliwa kwa umbo la thabeik, bakuli ambalo mtawa hupita nalo asubuhi kupokea wali, yalikuwa ya nani?

Waingereza walipoiteka Mandalay mwaka 1885, wakoloni wakawa wateja wakubwa. Bakuli likawa pambo la mezani, zawadi ya kumuaga afisa, hata tuzo ya mashindano. Labda ndiyo maana tumezoea kuyaita "mapambo" na kuishia hapo. Naona ni uvivu.

Tazama kazi yenyewe. Sonara husukuma maumbo kutoka ndani, hulijaza bakuli utomvu mgumu, kisha kwa nje hugongagonga kwa vijipatasi mpaka nyuso na mikunjo ya nguo itokeze. Mara nyingi anachosimulia ni Jataka, hadithi za maisha ya Buddha kabla hajazaliwa mara ya mwisho. Inayonisumbua ni ya Vessantara, mwanamfalme asiyejua kusema hapana. Alitoa tembo mweupe aletaye mvua, raia wakamfukuza. Akatoa farasi na gari. Huko msituni akamkabidhi Jujaka, mzee aliyetaka watumwa, watoto wake wawili. Halafu mkewe naye.

Ukiisoma, hadithi inakufariji: familia inakutana tena. Lakini matukio yanapolizunguka bakuli zima, faraja hiyo haidumu. Zungusha, watoto wamerudi. Zungusha tena, Jujaka anawaburuta. Fedha inang'aa kwa wote, mtoaji na mnyakuzi. Huu si urembo tu. Ni fundi anayemuuliza tajiri aliyelinunua: wewe umetoa nini?

Na swali hilo lina meno Burma. Mwaka 2007 watawa waliandamana dhidi ya serikali ya kijeshi, baadhi wakiwa wamepindua mabakuli yao, ishara ya kukataa sadaka za wanajeshi na jamaa zao. Kwa muumini, kukataliwa sadaka ni kufungiwa mlango wa thawabu.

Ndiyo maana nataka mabakuli haya yaonyeshwe katikati ya chumba, mtu aweze kuyazunguka. Likiegemezwa ukutani, tunamwona Vessantara akitoa. Watoto wanabaki nyuma, gizani, na Jujaka.