Udongo hauongei peke yake



Kuna sentensi moja tunaisikia kila mara watu wa kwetu wanapozungumza juu ya kahawa ya Kivu: "Ni nzuri juu udongo wetu ni wa volkeno." Tunaisema na kifua mbele, halafu mazungumzo yanaishia pale. Njia hii ya kusifu udongo ilipata jina kwa Wafaransa, kwenye divai. Wao wanasema terroir: fasi mzabibu unapoota, udongo wake, mteremko wake, jua lake, na namna vyote hivyo vinafika mpaka ndani ya glasi. Nimemaliza kusoma kitabu kinachoipiga ile imani bila huruma, Vineyards, Rocks, and Soils (2018) cha Alex Maltman. Nataka niseme fasi gani ana haki, na fasi gani ameniacha na njaa.

Maltman ni mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, kule Wales. Hoja yake ya kwanza ni rahisi: neno "madini" linachanganya vitu viwili. Madini ya mwanajiolojia ni fuwele zilizo ndani ya jiwe, kama kwatzi na kalsiti. Madini ya mmea ni potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Mzizi hautafuni jiwe. Tena jiwe lenyewe halina ladha: lamba kwatzi uone kama utasikia kitu. Na kile kidogo kinachopita mpaka kwenye divai ni kidogo sana, ulimi haukipati.

Chukua Chablis. Mizabibu yake mingi inaota juu ya mawe ya chokaa yenye mabaki ya chaza wadogo wa bahari ya zamani sana. Mtu anaonyeshwa lile jiwe, halafu anapewa glasi, anasema: "Aa, ninasikia bahari!" Kwa Maltman, huyo anasikia hadithi aliyoambiwa. Mimi ningesema anaonja kwa macho. Hapo nampa Maltman haki yote.

Lakini swali linabaki. Kama jiwe halina ladha, kwa nini mashamba mawili jirani, yenye mzabibu wa aina moja, yanatoa divai mbili tofauti? Twende Burgundy, fasi Wafaransa wenyewe wanakimbilia wakitaka kushinda mabishano haya. Côte d'Or ni ukanda mwembamba wa mteremko, urefu wake kama kilometa 50. Divai nyekundu nzuri za pale zinatoka kwa mzabibu mmoja, Pinot Noir. Ule mteremko na majirani zake umekatwa vipande vidogo vidogo vyenye majina, vinaitwa climats. Mwaka wa 2015 UNESCO iliandika 1,247 kwenye urithi wa dunia. Juu ya mteremko udongo ni mwembamba na baridi ni nyingi. Chini udongo ni mzito, maji yanasimama, na hewa baridi ya usiku inatelemka kukaa pale. Katikati maji yanapita vizuri na jua la asubuhi linapiga sawasawa. Mashamba ya cheo cha juu, Grand Cru, mengi yako pale katikati.

Kumbe udongo unafanya kazi, ila si kazi ya chumvi ndani ya mboga. Unafanya kazi ya bomba na ya jiko: unatoa maji kwa kipimo, unashika joto ao unalipoteza. Gérard Seguin alionyesha jambo hilo Bordeaux: mashamba makubwa ya kule yana udongo wa aina mbalimbali, na kemia yake haifanani, kinachofanana ni namna udongo unavyotawala maji. Mzabibu unapata ya kuishi, lakini si mengi. Matunda yakianza kuiva, kiu kidogo inasimamisha majani, zabibu zinabaki ndogo, ngozi inakuwa nyingi kuliko maji. Kwenye ngozi njo kuna rangi na nguvu ya divai nyekundu.

Mpaka hapa niko pamoja na kitabu. Njaa yangu inaanzia kwenye ukuta wa Clos de Vougeot.

Shamba hilo liko pale pale Burgundy. Ni la hektari kama 50, lilianzishwa na wamonaki wa Cîteaux kwenye karne ya 12, na wakalizungushia ukuta wa mawe. Leo limegawanywa kwa wenyeji karibu 80. Sehemu ya juu ni nzuri sana. Sehemu ya chini, karibu na barabara kubwa, ni nzito na ya maji. Lakini lote, kutoka juu mpaka chini, ni Grand Cru. Kama udongo ungekuwa unaongea peke yake, cheo kingekatiwa katikati. Pale anayeongea ni ukuta. Pamoja na ukuta inaongea sheria ya mwaka 1935 iliyoweka majina ya asili ya divai za Ufaransa. Na nyuma ya sheria kuna Philippe, mtawala wa Burgundy, ambaye mwaka 1395 alikataza mzabibu wa Gamay. Leo tunasema udongo wa Burgundy "unapenda" Pinot Noir. Tusisahau kwamba ulisaidiwa na amri.

Tena kuna mizizi. Kwenye karne ya 19 mdudu filoksera kutoka Amerika alimaliza mizabibu ya Ufaransa, na dawa iliyopatikana ni kubandika mzabibu wa Ulaya juu ya mzizi wenye asili ya Amerika. Basi ile "sauti ya udongo wa Ufaransa" inapita ndani ya mzizi wa mgeni! Maltman anatoa jiwe kwenye kiti cha ufalme, halafu anaacha kiti wazi. Ni kweli kitabu chake ni cha mawe, hakikuahidi historia ya sheria. Lakini msomaji wa Kongo hawezi kufunga kitabu bila kuuliza nani anakaa pale.

Watu wengine watasema basi terroir ni uongo wa wachuuzi, na watakumbusha Paris mwaka 1976, wakati waonjaji Wafaransa, bila kuona chupa, waliweka divai za California mbele, nyeupe na nyekundu. Mimi sikubali. Siku ile sifa ilianguka, mahali hapakuanguka: California nayo iko na mteremko wake na ukungu wake.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na kahawa inapanda juu zaidi. Usiku wa baridi unachelewesha matunda kuiva, na hiyo ni zawadi ya kweli ya mahali. Lakini tunajua pia hadithi ya wakulima wa Idjwi, Kalehe na Minova waliovusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda. Wengi walizama. Na ile iliyofika ng'ambo ilipoteza jina lake. Mti ni ule ule, udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Kilichokosekana upande wetu ni kituo cha kuoshea, bei, na jina. Tena ukichuma kahawa mbichi, ao ukiiacha mbivu ioze ndani ya gunia siku mbili, yote mteremko uliyokupa yamekwisha. Ndiyo maana vyama vya wakulima kama Sopacdi, Minova, walipoanza kuosha na kuuza wenyewe, walifanya kazi ambayo lava ya Nyiragongo haikuweza kuifanya.

Hapa njo naogopa ile sentensi yetu. Ni ndugu ya sentensi nyingine tuliyolelewa nayo: "Kongo ni tajiri, angalia chini ya ardhi." Tumeirudia mpaka tukaamini kwamba mali inakaa ndani ya ardhi ikitungojea, na wakati sisi tunangojea, wengine wanachimba na kuandika majina yao juu ya gunia. Burgundy haikungoja. Walipima maji, walijenga ukuta, waliandika sheria, wakagombania kila kipande kwa karne na karne.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma kilimo, nenda upime namna maji yanavyopita kwenye mteremko wa kwenu. Wewe uliyesoma sheria, tuambie nani leo ana haki ya kuandika "Kivu" juu ya gunia la kahawa, na nani anaweza kumkataza mwongo. Swali hilo mimi ninaliona kubwa kuliko volkeno.